Mrejesho: kesi ya binamu yangu nimeipata

Wakuu, niliuliza nitajuaje binamu yangu aliyekamatwa kashtakiwa kwa kosa gani na kesi iko wapi. Asanteni kwa ushauri.

Polisi nilipata kidogo tu: tarehe ya kukamatwa, tuhuma, na mahakama aliyopelekwa. (Wanaoachiwa bila kushtakiwa hawana jalada mahakamani, msihangaike huko.) Mambo yote yako masjala ya mahakama (ofisi inayotunza majalada ya kesi). Karani hakutaka hadithi, alitaka namba ya kesi. Sikuwa nayo, akatafuta kwa jina kamili na tarehe ya kusomewa mashtaka. Jalada likatoka: hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, tarehe ya kutajwa tena. Nakala ya mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yanayosemwa na kuamuliwa mahakamani) nimeiomba kwa barua, naisubiri.