Tembo wamemaliza mahindi yangu, halafu naitwa "mdau wa uhifadhi". Mdau wa nini?

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha kijiji sasa hivi na nimechoka. Huku mkoani Mara, Tanzania, tunapakana na hifadhi, na kila akija mgeni wa ofisini wimbo ni ule ule: "Ninyi ni wadau, utalii huu ni wenu." Leo nimemuuliza mbele ya watu: fungu langu liko wapi?

Mwaka 2022 mahindi yalishabeba, zimebaki wiki chache tuvune. Usiku wakaingia tembo. Tulipiga madebe, tukamulika tochi, mwanangu, wakati huo darasa la nne, akapuliza vuvuzela mpaka midomo ikavimba. Wapi! Unasikia mabua yanavunjika gizani na huwezi kusogea. Asubuhi ekari tatu zilikuwa uwanja, na kwenye kinyesi chao punje zangu zinaonekana nzima nzima.

Nikaripoti. Siku ya tisa akaja ofisa, akapima kwa simu kutoka mpaka wa hifadhi hadi shambani: mita 380. Akafunga daftari. Kwa kanuni za 2011 za kifuta jasho, yaani pesa ya pole kwa aliyeharibiwa na wanyamapori, shamba lililo ndani ya mita 500 halilipwi. Yaani anayelala jirani kabisa na tembo ndiye asiyepata kitu! Na shamba hilo alilima baba yangu. Hata ningelipwa, mwisho kwa kanuni hizo ulikuwa laki moja kwa ekari. Mtu akiuawa, ilikuwa milioni moja. Kenya, sheria yao ya 2013 iliandika milioni tano, tena shilingi za kwao, zenye thamani kuliko zetu.

Mgeni kutoka nje analipa dola 70 kwa siku, kabla ya kodi, kuingia Serengeti msimu wa watalii wengi. Rwanda wametenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka. Sisi tunangoja mpaka wakubwa waamue. Darasa tulilojengewa na hifadhi kwa mpango wao wa ujirani mwema nalishukuru, watoto wanalitumia. Lakini darasa haliliwi, na mwanangu anasinzia humo kwa sababu usiku alikuwa lindoni.

Ondoeni hizo mita 500. Fungu la vijiji liandikwe kwenye sheria, kwa asilimia, tujue tunadai nini. Tupeni mizinga ya nyuki tuzungushie mashamba, tembo anaogopa nyuki. Mahindi ya msimu huu yameanza kutoa mbelewele, na jana jioni tumeona nyayo mtoni.