Naomba ushauri: suruali za ofisini, nikanunue dukani au niagize mtandaoni?

Habari zenu wapendwa. Mwenzenu nina kiuno cha inchi 29 na hipsi 45, na urefu Mungu hakuninyima. Suruali ikishapita mapajani, kiunoni nyuma inabaki mdomo wazi. Nikiinama tu, shati limechomoka.

Kariakoo nimezunguka Jumamosi mbili. Maduka mengi niliyoingia hayana pa kujaribia. Muuzaji anakuzungushia kiuno cha suruali shingoni, eti ikikutana inakutosha. Kwangu kipimo hicho ni uongo mtupu, maana shingo haijui habari za hipsi. Karume kwenye mitumba nilipata moja safi, elfu nane, nikaijaribu juu ya taiti huku dada muuzaji kanikingia khanga. Ila kupata ya pili kama ile ni bahati nasibu.

Mwezi uliopita nikaagiza mtandaoni, 35,000 na bodaboda 5,000 juu. Lebo inasema XL, lakini ikagoma mapajani. Kurudisha? Nikaambiwa nibadilishe na blauzi. Blauzi ninazo!

Sasa mnaoagiza, huwa mnamwomba muuzaji aipime kwa futi kamba na kuwatumia picha? Wanakubali? Au nichukue ya kutosha hipsi, fundi apunguze kiuno? Fundi wa mtaani kwetu alishanipunguzia moja, mifuko ya nyuma ikakaribia kubusiana. Anayemjua fundi mzuri wa suruali za kike maeneo ya Ilala au Buguruni anielekeze, kazi naanza tarehe 1 na jinzi hawataki.