Tupeane uzoefu: mihadhara ya fizikia na kutetea tasnifu ya uzamivu, mle ndani huulizwa nini hasa?

Mwana wa Luanda
Wadau, habari za mchana. Idara yetu imebandika ratiba mlangoni: kuanzia wiki ijayo kuna mihadhara ya fizikia kila alasiri, na katikati yake watahiniwa wa uzamivu watatetea tasnifu zao. Wenzangu wawili wamo kwenye orodha. Mimi bado nasubiri ripoti za watahini, lakini nikiwaona wanavyotembea na makaratasi kwapani wakijisemesha peke yao, tumbo linanikata.

Ajabu ni kwamba hakuna anayetuambia mle ndani huulizwa nini. Msimamizi anasema "jiandae tu." Nijiandae na nini? Naomba waliopita mlango huo walete yao, na walioketi upande wa pili wa meza pia. Mwenye malalamiko asitaje chuo. Nataka maswali yenyewe. Ya "jiamini" na "mtangulize Mungu" tunayajua.

Mchanga na Mawe, Nakuru
Nianze mimi. Kazi yangu ilikuwa kupima mionzi ya asili kwenye mchanga na mawe ya kujengea yanayochimbwa huku Bonde la Ufa. Unakausha sampuli, unaisaga, unaichekecha, unaijaza kwenye kopo la plastiki, unaliziba kwa gundi na utepe, kisha unaliweka rafuni karibu mwezi mzima kabla halijaenda kwenye kigunduzi cha mionzi.

Kabla ya siku yenyewe nilijifungia na nadharia ya kiini cha atomu, milinganyo kurasa kwa kurasa. Nikaingia, nikawasilisha, projekta haikusumbua. Mtahini wa nje akashusha miwani: "Hilo kopo. Kwa nini ulilifunga mwezi mzima? Kwa nini si siku mbili?"

Swali la kwanza la uzamivu wangu likawa kopo.

Jibu nilikuwa nalo kwa sababu makopo hayo niliyaziba kwa mikono yangu. Radiamu-226, elementi ya mionzi iliyomo kwenye mawe, huzaa radoni-222, na radoni ni gesi. Ukiacha kopo wazi inatoroka, basi unachopima ni uongo. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni siku 3.8, kwa hiyo baada ya wiki nne hivi imeshajikusanya ndani ya kopo hadi inakwenda sawa na radiamu iliyoizaa, na vizazi vyake ndivyo vinavyotoa mistari ya miale ya gama tunayoisoma. Akarudi: "Na ulijuaje kopo halivuji?" Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka. Nikamfungulia kiambatisho chenye makopo machache niliyoyapima mara kwa mara mpaka hesabu ikatulia. Msimamizi wangu alikuwa ametaka nikiondoe ili tasnifu ipungue unene! Msiondoe viambatisho, jamani.

La mwisho lilitoka kwa mwenyekiti, ambaye si mtu wa fizikia kabisa: "Sasa nijenge na haya mawe au nisijenge?" Nikamweleza kipimo cha milisivati 1 (kiasi cha mionzi anachopata mtu) kwa mwaka kinachotumiwa kukadiria vifaa vya ujenzi, nikamwonyesha mawe yangu yaliangukia wapi, nikamwambia jenga, ila weka madirisha makubwa, radoni haipendi upepo. Walicheka, nami nikajua nimepona.

Paneli ya Bati, Kisumu
Mchanga na Mawe amesema kweli, swali huja kutoka pale ulipodhani hakuna swali. Mimi nilikuwa na seli za jua. Ufanisi wa paneli huandikwa kwa hali ya maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita mraba, seli ikiwa kwenye nyuzi 25. Nimeandika hivyo tasnifu nzima kwa raha zangu. Mtahini wa ndani, mtu wa huku huku ziwani, akaniuliza: "Umewahi kupanda juu ya bati la mtaa wa Kondele saa nane mchana?"

Akanipa chaki. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuna chaki! Seli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Juu ya bati seli inafika nyuzi 60 bila taabu. Nyuzi 35 za ziada mara 0.4, hiyo ni asilimia 14 imeliwa na joto kabla hujawasha hata balbu. Nilipoiandika ubaoni akasema, "Hiyo ndiyo sura iliyokosekana." Ikawa sehemu ya masahihisho.

Kisha wakaja na kikomo cha Shockley na Queisser cha 1961, yaani ufanisi wa juu kabisa ambao seli inaweza kufikia. Kila mtu anajua kutaja asilimia 33 na ushei kwa seli ya makutano mamoja, ile ya kawaida. Wanachotaka ni sababu: fotoni, chembe za mwanga, zenye nishati ndogo kuliko pengo la seli (nishati inayohitajika kuing'oa elektroni) zinapita zake, zenye nishati kubwa zinamwaga ziada kama joto, ukipanua pengo unapoteza zaidi kwa zile za kwanza, ukilipunguza unapoteza zaidi kwa zile za pili. Mwenzangu aliyeikariri namba bila sababu alikaa mle ndani hadi chai ikapoa.

Mgeni wa Ahero
Mmetaja chai. Ni kweli mtahiniwa ndiye hununua samosa na soda za jopo? Nimeambiwa nitenge pesa.

Mtahini Mstaafu
Usinunue chochote, mwanangu. Nimeketi upande wa pili wa meza miaka mingi, Njoro, Kakamega, Eldoret, na ninakwambia samosa haijawahi kubadilisha ripoti. Idara ikitaka kunywesha watu chai, inywe kwa bajeti yake. Mtahiniwa anayehangaika na birika dakika kumi kabla ya kuitwa huingia akiwa hana pumzi.

Sasa niseme kinachotokea upande wetu, maana vijana wanadhani sisi hukutana kupika njama. Tukiingia, ripoti zimeshaandikwa. Tumeisoma tasnifu, kurasa zimekunjwa pembe. Kwa kawaida uamuzi hubaki kati ya masahihisho madogo na makubwa. Tunachotafuta ni kama kazi ni yako.

Mimi huanza na makosa ya kipimo, yaani ile alama ya kujumlisha na kutoa. Kuna kijana aliyeandika uwezo wa tofali kupitisha joto kwa desimali sita. Nikamuuliza kipimajoto chake kinasoma kiasi gani. Nyuzi moja moja. "Hizi desimali sita zimetoka wapi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa Excel, Prof." Chumba kizima kilivunjika mbavu. Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko wale wanaonitungia hadithi. Alipita, kwa masharti ya kwenda kuzikata.

Jambo la pili, makala. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 uliweka kwamba mtu wa uzamivu awe na makala mbili kwenye majarida yanayohakikiwa. Ninaona watu wanakimbilia majarida ya kulipia yanayokubali makala ndani ya siku tatu. Mtahini anayajua hayo majarida. Anayajua yote.

Mama Wawili, Bungoma
Mimi si mwanafizikia, ni mke wa mwanafizikia. Niongeze ya nje ya mlango. Walimwambia mume wangu atoke wajadiliane. Akasimama kwenye ukumbi akihesabu vigae. Walipomwita ndani nikasikia "Hongera, Daktari," nikapiga vigelegele, askari wa chuo akaja mbio. Basi hayo ndiyo yangu.

Kodi za Usiku
Kwa wale wa fizikia ya kompyuta, maana tumekuwa wengi tangu watu waone maabara hazina vifaa. Sisi tunakokotoa sifa za maada kwa nadharia ya msongamano wa elektroni, ile ya Hohenberg na Kohn ya 1964 na Kohn na Sham ya 1965. Wengi tunatumia programu ya Quantum ESPRESSO kwa kuwa ni ya bure, na kazi kubwa tunaituma kwa kompyuta kuu za Cape Town, maana laptopu ya mtu itaungua.

Swali litakuja tu, liandikeni kwenye kiganja: "Kwa nini pengo la nishati ulilopata ni dogo kuliko la maabara?" Silikoni ina pengo la elektronivolti 1.12 (kipimo cha nishati ya elektroni). Ukikokotoa kwa njia za kawaida unapata karibu nusu yake. Mtahiniwa asiyejua hilo ataanza kujitetea kana kwamba ameshikwa na mali ya wizi. Ukijua, unasema njia yenyewe ina udhaifu huo, unataja njia mseto zinazorekebisha, na unaeleza kwa nini hukuzitumia. "Zinakula muda wa kompyuta niliopewa" ni sababu halali kabisa. Mimi niliisema hivyo hivyo.

Upepo wa Kaskazini
Mimi nilienda Uppsala, Uswidi, kwa mpango wa kukaa huko miezi kadhaa na kurudi nyumbani; chuo hicho kimekuwa kikisaidia wanasayansi wa nchi zetu tangu 1961, na kilianza na fizikia. Nilitetea huku Kenya, lakini kule nilihudhuria za wenzangu. Wenzetu hufanya hadharani. Wiki kadhaa kabla, tasnifu inapigiliwa ukutani kwa nyundo na msumari, kweli kabisa, ili yeyote asome. Siku yenyewe anaalikwa mpinzani, ndilo jina la cheo chake, naye hupitia kazi na mtahiniwa mbele ya watu, wazazi wakiwemo. Akimaliza, aliye ukumbini anaruhusiwa kuuliza.

Uholanzi nasikia kuna mtu wa joho anaingia na fimbo, anasema "Hora est," yaani muda umefika, na swali linakatwa hata likiwa katikati. Huko ningehamia.

Kwetu mara nyingi mlango hufungwa, wanaingia jopo na wachache wa idara. Nadhani tunajinyima. Hofu anayoizungumzia Mwana wa Luanda inatokana na hapo, watu hawajawahi kuona. Waacheni wa mwaka wa kwanza waketi nyuma.

Mtahini Mstaafu
Upepo wa Kaskazini, nakubali nusu. Mlango ukifunguliwa, baadhi ya wenzangu wataanza kuwahutubia watazamaji badala ya kumuuliza mtahiniwa. Nawajua.

Mjukuu wa Mvuvi, Dunga
Mbona hakuna anayezungumzia mihadhara? Wengi huenda kutia sahihi ya mahudhurio na kupata soda. Mimi nilienda mmoja kuhusu radi za Ziwa Viktoria, nikamchukua babu yangu ambaye amevua omena, yaani dagaa, tangu ujana. Omena huvuliwa usiku kwa taa, gizani mwezi usipokuwepo, na babu amekimbia radi nyingi majini.

Mhadhiri alieleza kwamba usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo unatoka ufukweni kila upande, unakutana katikati ya ziwa, hauna pa kwenda ila juu, na hewa ya maji ikipanda inakuwa wingu la radi. Mchana mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kwenda bara, unakumbana na ule wa mashariki huko Nandi na Kericho, ndipo mvua ya mawe inaponyeshea majani chai alasiri.

Babu akanyosha mkono. "Mwalimu, hilo la usiku tunalijua. Mimi nataka kujua kwa nini unangoja nikianza kuvuta nyavu." Watu wakacheka, lakini yule mhadhiri hakucheka, alichora. Akaonyesha kwamba pepo hizo huchukua saa nyingi kukusanyika kwenye ziwa la kilomita mraba elfu 68 na zaidi, kwa hiyo wingu linakomaa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Babu akaridhika. Kisha akamwambia afike Dunga amwonyeshe wingu ambalo halimo kwenye mchoro wake. Hilo nalo ni kutetea tasnifu, na sijui nani alikuwa mtahini.

Ubao Mweusi, Maseno
Mjukuu wa Mvuvi umenifurahisha. Mimi ni mwalimu wa sekondari, huwa napeleka kidato cha tatu kwenye mihadhara ya wazi. Hapa kwetu ikweta inapita, na kuna wale jamaa wa beseni wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka huku kulia na kule kushoto, hatua chache tu kutoka mstarini. Mwanafunzi wangu alimuuliza mhadhiri. Akajibiwa kwamba mzunguko wa dunia upo, lakini ikwetani athari yake kwa maji yaliyotandaa ni sufuri, na kwenye beseni ni ndogo mno popote ulipo. Shapiro, mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, alipotaka kuiona mwaka 1962 ilibidi aache maji yatulie kwa saa 24 kwenye pipa pana. Yule wa beseni anayazungusha kwa mkono wakati anamimina.

Mwanafunzi akauliza la pili: mbona kivuli kinapotea Machi na Septemba si saa sita kamili? Kwa sababu saa ya Kenya inafuata nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu 34 na nusu, na kila nyuzi ni dakika nne. Jua letu linachelewa dakika arobaini na kitu. Hesabu aliifanya yeye mwenyewe.

Mwana wa Luanda
Ahsanteni sana, nimeyachapisha yote nikawapa wale wawili. Moja limebaki: ukishaitwa Daktari mle ndani, yamekwisha?

Paneli ya Bati, Kisumu
Wapi! Unapewa orodha ya masahihisho na muda wa kuyamaliza, msimamizi anatia sahihi kwamba umeyafanya, ndipo unakwenda kufunga majalada magumu. Fanya wiki hiyo hiyo, kabla vichwa vya watahini havijasahau walichosema. Na ulipe deni la maktaba mapema. Nimeona mtu akikosa gauni la mahafali kwa sababu ya kitabu cha mwaka wa pili.