Orlistati haipunguzi njaa, lakini mafuta yakicheleweshwa yanashibisha. Kwa nini?

Swali
Wakuu, orlistati (dawa ya kupunguza uzito) na utando wa kijani wa majani ya spinachi vyote vinazuia lipezi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta. Mbona shibe inatajwa kwa spinachi tu? Na jikoni mtu afanyeje?

Mfamasia_TZ
Mkuu, kinachoshibisha si mafuta yenyewe, ni vipande vyake. Chembe za mwanzoni mwa utumbo mwembamba hutoa homoni ya CCK zikikutana na asidi za mafuta zenye kaboni 12 na kuendelea. CCK ndiyo hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo "inatosha". Orlistati ya mg 120 kwa kila mlo huacha kama asilimia 30 ya mafuta bila kuvunjwa. Vipande vikipungua, CCK nayo hupungua, na tumbo linaweza hata kumaliza chakula upesi zaidi. Uzito unashuka kwa sababu mafuta yanaishia chooni. Ndiyo maana mtu akiimeza halafu akala chipsi, mafuta humvuja mpaka kwenye nguo ya ndani. Vidonge vya vitamini A, D, E na K vimezwe angalau saa 2 mbali na dawa, wakati wa kulala ndio mzuri.

lishe_na_jiko
Naongezea upande wa majani. Utando ule hufunika tone la mafuta, lipezi ikakosa pa kukaa. Lakini utando wenyewe nao humeng'enywa baadaye, kwa hiyo mafuta yanavunjwa yote, ila polepole na mbele zaidi. Yakifika mwisho wa utumbo mwembamba, pale hutolewa homoni za PYY na GLP-1, ambazo ni breki nyingine za njaa. Kundi la Charlotte Erlanson-Albertsson, Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ndilo lililolichimba sana jambo hili. Kipimo walichotumia mara nyingi ni gramu 5 za unga wa utando huo, sawa na kama gramu 100 za spinachi. Majaribio yalikuwa ya watu wachache, msitarajie miujiza.

Jikoni, kosa kubwa ni moto. Mboga ikichemka mpaka kijani king'avu kigeuke rangi ya kaki, utando umeharibika. Kutafuna jani bichi tu nako hakutoshi, kwa kuwa chembe nyingi hubaki hazijapasuka. Osha vizuri, saga kwenye blenda mpaka iwe laini kabisa, inywe pamoja na mlo wenye mafuta kidogo. Bila mafuta hakuna cha kuchelewesha. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza.

Swali
Asanteni sana. Na karanga nzima? Na tui la nazi?

Mfamasia_TZ
Karanga nzima hufungia sehemu ya mafuta ndani ya kuta za chembe. Kwa lozi imepimwa: gramu 28 huandikwa kalori 170, mwili hupata kama 129. Ila mafuta yasiyotoka kabisa hayaiti CCK, hapo shibe inatokana zaidi na kutafuna, protini na nyuzinyuzi.

Tui lina mafuta ambayo karibu nusu ni asidi ya loriki, yenye kaboni 12, kwa hiyo CCK inaitwa. Msichanganye na mafuta ya chupa ya MCT (mafuta ya mnyororo wa kati): hayo mengi ni kaboni 8 na 10, nayo hayaiti.