Ushauri jamani: Nataka kumpeleka mama Nyari, Marafa, na magoti yake haya

Binti_wa_Likoni
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa nane tuna safari ya Malindi: mimi, wanangu wawili (miaka 9 na 12) na mama yangu, miaka 67. Mama ameshikilia lazima aione Nyari, lile korongo la Marafa, maana marehemu baba alimwahidi na hakujaaliwa kumpeleka. Shida ni magoti. Ngazi za nyumbani tu anapanda akishika ukuta. Mwenye kuijua ile njia ya kushuka korongoni aniambie ukweli, ataiweza? Tena dereva tuliyeongea naye anataka tutoke Malindi saa nne asubuhi.

Kaka_Mambrui
Saa nne! Huyo ana haraka zake. Msimame hapa kununua madafu, pale kupiga picha, mnashuka saa sita jua la utosi. Kule chini upepo haufiki na kivuli cha maana hakuna. Wazungu hawakupaita Jiko la Jehanamu kwa mzaha. Mimi nilishuka saa saba na wenzangu wa kazini, tukapanda hatusemeshani. Fikeni saa kumi kasoro, mshuke jua likishapoa, na magharibi iwakute juu. Ndipo zile rangi zinapowaka.

Mjukuu_wa_Marafa
Dada, mimi kwetu ndiko. Njia yenyewe ni kijia cha udongo na mchanga, mahali pengine chembamba, kinapita katikati ya nguzo za mawe. Watu humwogopesha mgeni na kupanda, lakini mwenye magoti huumia akishuka: changarawe inaviringika chini ya kiatu, goti linajikaza kila hatua. Mama asishuke. Wala hatakosa kitu, maana ukisimama ukingoni unaliona korongo lote, nyeupe, waridi, rangi ya chungwa, mpaka nyekundu ya damu.

Na hadithi yake husimuliwa hapohapo juu. Palikuwa na matajiri wa ng'ombe, maziwa wakayafanya ya kuogea huku jirani wana njaa. Mungu akakasirika, wakadidimia na mji wao. Ule weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Nyari kwa lugha yetu ya Kigiriama ni mahali palipovunjika penyewe. Mwalimu wangu wa jiografia alisema ni mvua na upepo vimekula kilima cha mchanga ulioshikana. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na maziwa je?"

Mama_Pacha_Kilifi
Mimi napinga kidogo. Mama mkwe wangu alishuka na mkongojo, polepole, na mpaka leo anajisifu.

Mjukuu_wa_Marafa
Mama Pacha, alipandaje?

Mama_Pacha_Kilifi
😂 Vijana wawili walimshika huku na huku. Haya, nimenyamaza.

Kaka_Mambrui
Watoto nao uwashike. Lile jiwe ukilikwangua kwa ukucha linabaki unga mkononi, sasa mtoto akining'inia kwenye nguzo litang'oka naye. Na wasichore majina, tafadhali. Raba, si ndala. Kila mtu na maji yake. Ikiwa usiku wake mvua imenyesha, msishuke kabisa, udongo unakuwa sabuni.

Mjukuu_wa_Marafa
Na mchukue kijana wa hapo awaongoze. Vijia vya chini vinafanana, ukipinda vibaya unazunguka nguzo ileile mara tatu. Kiingilio kinalipwa palepale, beba kitambulisho ulipe bei ya mkazi.

Binti_wa_Likoni
Shukrani sana. Nimemsomea mama yote. Amekubali kukaa juu, ila anataka kiti chake cha plastiki kipakiwe kwenye gari, na watoto wamletee mchanga wa kila rangi.

Mjukuu_wa_Marafa
Kiti sawa. Mchanga mwambie auache pale, kila mgeni akibeba konzi moja tutabaki na shimo.

Binti_wa_Likoni
Nimemwambia. Amesema basi atapigiwa picha, na dereva tutafute mwingine.