Kaimwaga chai yangu mbele ya msiba mzima kisa sindano ya corona ya 2021! Huyu mzee mnamjua

Mama Wawili wa Makole

Wakuu, sisalimii. Nikishapoa nitasalimia.

Natoka msibani sasa hivi, nipo kwenye bajaji, mikono inatetemeka mpaka dereva kaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nimemwagiwa chai. Na si kwamba kanimwagia mwilini, bora hata angenimwagia mwilini ningekuwa na kesi ya kupeleka polisi. Kaimwaga chini, kwenye vumbi, taratibu, mbele ya maturubai mawili yaliyojaa watu, huku ananitazama usoni.

Nani? Acheni hizo, mnamjua. Watu wa Dodoma mmeshamjua. Yule mzee wa kipaza sauti cha mkononi. Yule ambaye akikohoa Makole, mbwa wa Chang'ombe wanaamka. Jina sitaji, jina lake mnalo.

Leo tulikuwa tunaanua matanga ya bibi mmoja jirani yetu. Nimeamka saa tisa usiku. SAA TISA. Na baridi hii ya Dodoma ya mwezi wa saba mnaijua, upepo unakukata masikio. Nimewasha kuni, nimebandika sufuria linaloweza kumuogesha ng'ombe, nimetwanga tangawizi mpaka kiganja kikachubuka, nikatia iliki, nikatia maziwa. Watu wamekunywa, wamerudia, kuna baba mmoja karudia mara nne na bado alikuwa anaangalia birika. Hiyo ndiyo chai niliyopika.

Saa nne akaingia yeye. Akapewa kiti, akapewa kikombe. Akainusa. Akauliza, "Nani kapika?" Mtoto wa watu, hajui lolote, akamwambia kapika mama fulani. Akanyamaza kidogo. Halafu kwa sauti ileile ya kipaza sauti, ingawa leo hakuja nacho, akasema, "Huyu si alichanjwa? Mimi chai ya mtu wa JJ sinywi." JJ, ile chanjo ya corona ya Johnson & Johnson. AKAIMWAGA.

Mbuzi wa pale nyumbani akaja akairamba.

Watu wakacheka, wakuu. Msibani. Nimesimama na birika mkononi, watu wanacheka, mbuzi anaramba chai yangu.

Huyu mtu ana historia na mimi. Agosti 2021, wiki ya pili tu tangu Mama Samia azindue chanjo Ikulu Dar tarehe 28 Julai, nilikwenda kuchanja. Sikuvutwa na mtu. Nilipanga foleni, nikapewa fomu ya ridhaa, nikaisoma yote, nikasaini kwa hiari yangu, nikachomwa. Homa usiku mmoja, bega likauma siku mbili, basi. Wiki hiyohiyo huyu mzee akanisimamisha sokoni Majengo, akatoa sarafu ya mia mbili, akataka kunibandika begani mbele ya wauza nyanya aone kama inanata kama kwenye sumaku. Ikaanguka. Akasema nimejipaka mafuta! Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ndani ya miaka miwili wote tuliochanjwa tutakuwa udongo, na mimi sitazaa. Nimezaa. Mtoto anakwenda chekechea, anahesabu mpaka hamsini.

Mnajua kwa nini nilikwenda kuchanja? Baba yangu alifariki Februari 2021, wiki ileile nchi ilipowapoteza Maalim Seif na Balozi Kijazi siku moja. Sisi tuliambiwa "changamoto ya upumuaji", corona haitajwi. Mnaikumbuka hiyo changamoto ya upumuaji? Kila msiba ulikuwa na changamoto ya upumuaji. Nilimpepea baba yangu kwa kanga usiku kucha, nikamfukiza nyungu kwa mwarobaini na mchaichai kama tulivyofundishwa, akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau. Na huyu mzee alikuwepo. Alibeba jeneza! Alikula pilau yetu na chai alikunywa, TENA NILIPIKA MIMI.

Leo anaimwaga.

Na yeye mwenyewe begani ana kovu la chanjo ya ndui kubwa kama kizibo cha soda. Ndui ambayo dunia ilitangaziwa imekwisha 1980, imekwishaje, kwa kubandikana sarafu? Na 2022 alipokwenda kumsalimia mwanawe nje ya nchi, alipandaje ndege? Kile cheti cha chanjo chenye msimbo alikiokota wapi, barabarani?

Kaimwaga taratibu. Hilo ndilo linaloniuma. Angeimwaga kwa hasira ningesema ni hasira. Kaimwaga kama mtu anayemwagilia mchicha.

---

Zabibu Chungu

Pole sana dada. Mbuzi anaendeleaje?

---

Nipo Tu

Huyo mbuzi msimchukulie poa. Mei 2020 si tuliambiwa sampuli za papai na mbuzi zimepimwa zikakutwa na corona? Sasa huyu kaongezewa chai ya mchanjwa juu yake. Ndiye kiumbe mwenye kinga kubwa kuliko wote Kanda ya Kati.

---

Mgogo Halisi

Mleta uzi unamsema mzee wa watu upande mmoja tu. Mzee ana msimamo wake. Rais wa nchi, Magufuli, alisimama Chato tarehe 27 Januari 2021 akasema chanjo hazifai, akatuambia tusikubali kufanywa panya wa majaribio. Miezi sita baadaye walewale waliopiga makofi wakapiga makofi upande wa pili. Mzee hakugeuka. Kuna watu wanageuka kama bendera, na kuna wazee wanaobaki palepale walipokuwa.

---

Mama Wawili wa Makole

Abaki palepale na kikombe chake mkononi! Nani kamwambia ageuke? Simdai achanje. Nilichoka kubishana naye 2021. Namdai CHAI. Kama hutaki unasema "nashukuru, nimekunywa nyumbani," unaweka kikombe chini. Mbona Wagogo tunajua kukataa chakula bila kumvunjia mtu heshima? Wewe unajiita halisi, hukufundishwa?

---

Kijana wa Bahi Road

Ila dada, saa tisa usiku unapika chai ya saa nne? Hiyo si ingekuwa imeshachacha? Labda mzee kakuokoa.

---

Bibi wa Kondoa

Wewe kijana hujawahi kupikia msiba, nyamaza. Kuni, maji ya kuchota, maandazi ya kukaanga, watu wa usiku wa kuamkia. Saa tisa ni kuchelewa. Mwanangu mleta uzi, pole. Kikombe ulichopewa kwenye msiba hakimwagwi, hata kama una ugomvi na mpishi wa miaka ishirini.

---

Mgogo Halisi

Bibi, heshima yako naipokea. Lakini tuseme kweli. Waziri wa afya wa wakati ule, Dk. Dorothy Gwajima, alituonyesha hapahapa Dodoma Februari 2021 juisi ya tangawizi, vitunguu na limao, akasema wizara haina mpango wa kupokea chanjo. Julai wizara ileile inagawa dozi zaidi ya milioni moja za JJ. Mwananchi ashike lipi?

---

Nipo Tu

Na mbunge wa Kawe wa wakati ule, Askofu Gwajima, kanisani kwake alikuwa anasema msichanje. Gwajima mmoja akasema chanja, Gwajima mwingine akasema usichanje. Bunge likamsimamisha askofu mikutano miwili hapo Agosti 2021. Mimi nilikuwa nauza maji nje ya geti la Bunge siku zile, biashara ilikuwa nzuri ajabu.

---

Wakili wa Mtaani

Mnajua nyie watu wa hapa mlipendelewa? Kwetu ilikuwa hiari, ukikataa unakwenda zako nyumbani. Kenya waziri wao wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba 2021 asiyechanjwa hapati huduma za serikali ana kwa ana, mpaka Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo. Marekani ilifika Mahakama ya Juu: Januari 2022 agizo la Biden la kuchanja au kupimwa kwa kampuni zenye watu 100 na zaidi likazuiwa, la wahudumu wa afya likaachwa. Wenzetu waligombana mahakamani, nyie mnagombana kwenye birika.

---

Dereva wa Tunduma

Hiari ipi wewe wakili? Hiari uliiona ukiwa umekaa. Sisi madereva hatukuwa na hiari. Mei 2020 Namanga, mpakani na Kenya, tulilala barabarani, kijiti kinaingizwa puani mpaka unahisi kinagonga ubongo, ukitoka unaambiwa una corona, ukirudi nyumbani unaambiwa huna. Zambia nao mwezi uleule wakafunga mpaka wa Nakonde. Nimekaa kwenye foleni ya malori, nakula mkate mkavu, mzigo unaoza, bosi anapiga simu anauliza nimelala wapi na mwanamke gani. Halafu mtu analia kikombe cha chai. Nilitamani hata hicho cha kumwagwa.

---

Karani Mchovu

Dereva umenigusa. Na sisi wa maofisini "hiari" yetu ilikuja na daftari. Bosi wangu, ofisi sitaji, alikaa mlangoni asubuhi na kalamu mbili. Aliyechanjwa anaandikwa kwa bluu, asiyechanjwa kwa nyekundu. Hakusema kitu. Hakuna barua wala agizo, ni wino tu. Mimi nilikuwa mwekundu wiki tatu, hata semina sikuitwa. Nikaenda nikachanja, nikarudi nikamuonyesha cheti, akaniambia kalamu ya bluu imekwisha wino.

---

Mama Wawili wa Makole

Poleni wote, nawaelewa, lakini naomba tusitoke nje ya mada. Alinitazama USONI. Nimefika nyumbani nimekaa kitandani bado naisikia ile sauti ya chai inapogusa vumbi. Baba yangu alikuwa anamwita huyu mtu ndugu.

---

Zabibu Chungu

Hapo kwa baba umeniumiza kweli dada. Na mimi mama mkubwa alikwenda Februari ileile. Tulizika watu kumi, wengine waliogopa kuja. Na mpaka leo kwenye karatasi ni nimonia.

---

Mwalimu wa Zamani Chamwino

Nyote mnasahau jambo kubwa. Ile 1.3 trilioni ya mkopo wa IMF iliyokuja kwa jina la Uviko, yaani corona, Oktoba 2021, ndiyo iliyojenga madarasa 15,000. Watoto wenu wanasoma humo. Yule mzee wa kipaza sauti mjukuu wake anasoma darasa lililojengwa kwa pesa za Uviko. Mbona yeye halimwagi?

---

Kijana wa Bahi Road

Mwalimu, hilo darasa la kwetu tangu likabidhiwe sakafu imeshabanduka, kuna shimo kuku anataga. Nilipeleka mchanga kwa mkokoteni na malipo yangu yamebaki nusu mpaka leo. Mwenye kuhusika anajijua, na yeye pia nyote mnamjua.

---

Karani Mchovu

Tunamjua! Mwenye koti la kahawia.

---

Kijana wa Bahi Road

Huyohuyo.

---

Bibi wa Kondoa

Mkimaliza ya koti, mimi nina langu. Mjukuu wangu 2024 walikuja shuleni kuchanja wasichana wa miaka 9 mpaka 14, ile ya saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja tu. Mama mkwe wa binti yangu kamficha mtoto kwenye ghala la mtama siku nzima, anasema watamkausha kizazi. Mimi dada yangu mdogo amekufa kwa huo ugonjwa, nilimuosha mwenyewe, najua harufu yake. Nimepanda basi kutoka Kondoa mpaka huko kwao, nimemtoa mtoto ghalani ana unga wa mtama kichwani, nimempeleka kituo cha afya kwa mkono wangu. Mpaka leo mama mkwe hanisalimii. Asisalimie.

---

Wakili wa Mtaani

Bibi nakuvulia kofia.

---

Mgogo Halisi

Hiyo ya mabinti mimi sina ugomvi nayo, wangu wawili wamechanja. Ugomvi wangu ni ile ya JJ tu.

---

Mama Wawili wa Makole

Kwa hiyo binti zako wakipika chai nao tuimwage??

---

Nipo Tu

Jamani yule mbuzi ni dume au jike? Kama ni dume aliyeshiba, Jumamosi mnada wa Msalato, tuchange.

---

Dereva wa Tunduma

Msalato bei zimepanda, siku hizi mbuzi anauzwa kama pikipiki. Nendeni Kibaigwa.

---

Kijana wa Bahi Road

Kibaigwa ni mahindi bwana, nani kakudanganya kuhusu mbuzi? Nina mtu Hombolo, nikutumie namba pembeni?

---

Dereva wa Tunduma

Nitumie. Ila asiwe yule aliyeniuzia mbuzi mwenye mafua mwaka jana.