Naombeni ushauri: hesabu ya kunukuliwa kwa mwanafizikia wa nadharia

Ndugu, habari zenu. Hapa Kampala tunaandaa faili la mhadhiri wa fizikia ya nadharia anayeomba kupanda cheo, na kamati inataka h-indeksi, kipimo alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa zaidi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h.

Makala zake sita zimenukuliwa mara 40, 22, 9, 6, 5 na 3, kwa hiyo h ni 5. Lakini Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, imeigawa ile ya tano: toleo la arXiv (hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala) lina 3, la jarida lina 2. Basi h inashuka hadi 4, na kazi ni ileile! Kuziunganisha katika wasifu wake ni rahisi: weka alama kwenye zote mbili, bonyeza kuunganisha, chagua toleo la jarida. INSPIRE, hifadhidata ya makala za fizikia, huhesabu matoleo yote mawili kama makala moja na huweza kuondoa kujinukuu, ila imejikita kwenye fizikia ya chembe. Makala zake za fizikia ya maada mango (kama yabisi na vimiminika) huenda zisionekane zote.

Linaloniumiza zaidi ni mpangilio wa majina. Wanabiolojia kwenye kamati humpa uzito mwandishi wa kwanza, ilhali katika nadharia ya chembe majina hupangwa kialfabeti. Jina lake linaanza na W.

Je, nitumie chanzo kimoja tu, au niweke viwili na tarehe ya kuhesabu? Na mchango wake niueleze vipi: kwa barua za waandishi wenza, au aya fupi chini ya kila makala?